Silansie ya Gari la Papa Mathias

Ninyi mliobaki gereji mliniomba niandike. Mlisema hivyo siku mliyoninunulia soda na kunipa saa ya ukutani, nami nikadhani ni maneno ya heshima tu, yale ambayo mzee anayeondoka huambiwa ili aondoke vizuri. Kumbe wiki mbili baadaye mnanipigia simu kuuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Haya basi. Nimekaa nyumbani, hapa komuni ya Tshopo, goti la kushoto nimelinyoosha kama linavyotaka lenyewe, na mke wangu bado anashangaa kumwona mume wake mchana. Nitaandika ninayoyakumbuka. Vyeo sitaviandika kwa sababu havikuwepo: kulikuwa na fundi mkubwa, na wengine wote tulilala chini ya magari.

Siku yangu ya kwanza nilikuja nimevaa suruali nyeupe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mama yangu alikuwa ameniambia kwamba mtu anayekwenda kuomba kazi huvaa vizuri. Fundi mkubwa alikuwa Tonton Ramazani, mtu wa Maniema, mrefu, mwenye sauti ndogo, aliyesali sala zake nyuma ya pipa la oili chafu, juu ya kipande cha mkeka ambacho sikuwahi kukiona na doa. Aliitazama suruali yangu kwa muda mrefu.

«Iko muzuri sana,» alisema. «Leo tutaiaga.»

Kabla ya saa nne nilikuwa chini ya lori, masizi yananiingia shingoni, na suruali ile haikurudi kuwa nyeupe tena. Mama alilia kidogo. Mimi, nisiwadanganye, nilifurahi.

Kwa wale wapya ambao bado mnaogopa kuuliza: injini haichomi mafuta kwa upole. Inalipuka, tena na tena, haraka kuliko mtu awezavyo kuhesabu, na bomba la moshi ndilo linalobeba milipuko ile hadi nyuma. Njiani kuna kopo tunaloliita silansie, lenye vyumba na matundu ndani, na mengine yamejazwa pamba ya chuma inayomeza sauti. Kopo likioza, au likitoboka, au mwenye gari akilitoa kwa makusudi, mtaa mzima unajua anakokwenda na saa anayorudi. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Niliamua gari la mtu lizungumze kwa sauti gani, na ndiyo maana hata leo mjini hapa watu wananiita Papa Silansie, ingawa mke wangu anasema jina hilo halinifai kwa sababu ninaongea sana.

Mwezi wa tatu Tonton alinipa silansie ya kwanza ya kutengeneza peke yangu. Ilikuwa ya kamioneti ya mama mmoja aliyekuwa akileta ndizi kutoka upande wa Masako. Pamba ya chuma ilikuwa imekwisha, na Tonton alikuwa amekwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Nikafikiri: ni kitu gani laini, chenye nyuzi, kinachopatikana kila nyumba? Makapi ya mawese. Zile nyuzi zinazobaki ukishakamua mafuta. Nilikwenda kwa jirani nikaomba ndoo nzima, nikashindilia, nikalehemu vizuri kabisa, mshono umenyooka. Gari likaondoka kimya, na mimi nikabaki nimejishika kiuno, najiona fundi.

Mliozaliwa hapa mmeshaanza kucheka. Makapi yale ndiyo mama zetu wanayowashia makaa. Yule mama hakufika hata darajani. Gari lilianza kutoa moshi mweupe wenye harufu ya mawese, watoto wakalikimbilia nyuma wakidhani kuna kitu kinachochomwa humo cha kuliwa, na silansie ikawaka ndani kwa ndani kama jiko. Alirudi gereji kwa toleka, amepakiwa nyuma ya baiskeli, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anauliza nani aliyempikia gari lake.

Tonton Ramazani hakunigombeza. Alinipa msumeno wa chuma, akaniambia nilikate kopo na nikae mbele ya majivu yake hadi jioni. Baadaye alikuja akachuchumaa karibu yangu.

«Kwenu munawashaka moto na nini?»

«Na makapi, Tonton.»

«Alors?» yaani, basi je?

«Alors, Tonton.»

Yakaisha hapo. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese yanayoungua, masikio yananiwaka moto.

Ni yeye aliyenifundisha njia ya kazi ambayo nimewafundisha na ninyi. Unawasha injini, unaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa, kisha unapitisha kiganja chako pembeni ya bomba bila kuligusa. Mahali penye tundu utaipata pumzi ya moto. Baada ya hapo unakishika kila kitu: kopo, sakafu ya gari, kiti, mkono wa gia. «Usisikilize kwanza,» alikuwa akisema. «Pale kwenye makelele, sikio inachokaka. Mukono haichoke.» Alinifumbisha macho, akanishikisha usukani, na nilitakiwa kumwambia kama kuna silinda iliyokufa. Ilinichukua miaka miwili. Nilipopatia mara ya kwanza alinipiga bega, na bega lile lilinipa furaha wiki nzima.

Macho yake yalipoanza kuchoka alirudi kwao. Nilivuka naye mto, nikampandisha treni ya Ubundu, ili kutoka huko apate mtumbwi wa mota hadi Kindu. Aliniachia msumeno wake na glavu moja; ya pili ilikuwa imeungua zamani. Katika pirogi ya kurudi nililia mbele za watu, na mwenye kupiga kasia akajifanya anatazama samaki. Tonton alizikwa kwao. Sikuweza kufika, na hilo bado linaniuma.

Miaka ya vita sitaiandika. Mjini kulikuwa na sauti nyingine, na hizo hazikuwa kazi yangu.

Mkitaka kujua nini nilichojifunza kuhusu madereva, ni hiki: hakuna anayekuja kuzungumzia kopo. Yupo kijana wa pikipiki anayetoboa silansie yake kwa msumari ili wasichana wa mtaa wa pili wajue anapita. Yupo mkubwa wa ofisi anayetaka jipi yake isisikike kabisa, kwa sababu anafika kazini saa tano na hapendi watu watazame saa. Kuna harusi za Jumamosi: mnajua desturi yetu, msafara mzima unakuja Ijumaa tuwatolee makopo ili bibi harusi apite kwa kishindo, na Jumatatu asubuhi bwana harusi anakuja mwenyewe, macho mekundu, anasema polepole, «Papa, uyarudishe yote.» Na kuna siku wenye pikipiki wanapomzika mwenzao. Wanakuja bila maneno, wanapiga foleni, ninafungua moja baada ya nyingine, nao wanakwenda kumlilia kwa injini. Siku hizo sijawahi kumwambia mtu apunguze.

Umeme wa barage, bwawa letu la mtoni, ulikuwa unatuacha, turbini zikilala, nasi tunarudi kulehemu kwa gesi ya karbidi na maji. Tunzeni ile chupa ya karbidi. Inanuka, ndiyo, lakini haijawahi kutuachia bomba nusu.

Sasa niwaambie kuhusu Papa Mathias, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo uani na hamkujua mlichokuwa mnakitazama.

Papa Mathias ni mtu wa mtoni, baba yake alikuwa mvuvi upande wa Isangi, na yeye ana depo ya saruji na mabati. Tangu utotoni alitaka gari la sport, la milango miwili. Alilea watoto kwanza, akawasomesha, wakaenda Kinshasa, na mdogo wao alipoondoka ndipo akalinunua: jekundu, fupi, limelala chini. Lilipanda mto kwa boti, wiki nzima na nyingine na nyingine, limefunikwa turubai katikati ya magunia na mbuzi. Siku ya kulishusha bandarini watu walijaa. Mbuzi walishuka kwanza. Lilikuwa chini kiasi kwamba kila shimo la mji huu lililisalimia tumboni, na hivyo akawa mteja wangu kabla sijamwomba.

Mke wake ni Mama Furaha, mtu wa Bukavu, mkurugenzi wa shule ya msingi. Anaendesha vizuri kuliko mumewe, na siku za Jumatano gari ni lake.

Mwanzo wa mwaka wangu wa mwisho kazini, Papa Mathias alikuja peke yake. «Papa Silansie, unitolee ile kopo ya nyuma. Gari ya sport haisemake polepole.» Nikaitoa. Alipokanyaga mafuta, kuku wa jirani walipanda ukuta. Aliondoka anacheka peke yake, mwenye furaha ya mtu wa miaka ishirini.

Siku kumi baadaye akaja Mama Furaha, mgongo umenyooka, daftari za wanafunzi zimejaa kwenye kiti cha pembeni.

«Papa Silansie, nikifika ku masomo, watoto wote wanasimama ku dirisha. Mwalimu anasema, hakuna mwenye anasikia. Urudishe ile kopo. Na bwana yangu asijue ni miye.»

Nikairudisha. Tonton Ramazani alikuwa ametuwekea sheria kwamba maneno ya mteja hayatoki gereji, nami niliishika sheria ile hadi nikawa mjinga. Mume akaja: «Nani amerudisha kopo?» Nikajibu kwamba kopo limerudi, Papa, na ndiyo kweli. Nikalitoa. Mke akaja, nikalirudisha. Mara tatu hivi. Nati za gari lile zilizoea ufunguo wangu. Kila mmoja alijua vizuri ni nani anayefanya nini, lakini nyumbani hawakuulizana. Waligombana kupitia mikono yangu, na mimi nikawa nalipwa na pande zote mbili kama mpelelezi mbaya.

Mara ya mwisho Mama Furaha hakushuka kwenye gari. Aliongea akitazama mbele.

«Nikisikia tena ile makelele mbele ya parseli yangu, ku nyumba yangu, miye narudi kwetu Bukavu. Miaka makumi tatu na moja ya ndoa, Papa Silansie. Nimeomba kitu moja tu.»

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Hapo niliogopa. Nilikuwa nimechukulia jambo lile kama mchezo wa wazee wawili, kumbe nilikuwa nimeshika ndoa ya watu kwa ufunguo namba kumi na tatu.

Wiki ileile Papa Mathias akaja. Kopo lilikuwa limefungwa. Niliwasha injini mwenyewe nipime mabomba, nikaiacha ikizunguka polepole, kimya, nikaenda kuchukua kitambaa. Yeye akaingia, akakaa, akazungusha ufunguo.

Mnakijua kile kilio. Starta inayoguswa wakati injini inatembea inapiga kelele mpaka meno yanauma. Nyote mligeuka. Mmoja wenu aliziba masikio. Papa Mathias hakupepesa hata jicho. Akazungusha tena. Nilikimbia nikamshika mkono.

Nilimwomba twende nyuma ya mapipa, mahali ambapo hamkutuona. Nikasimama upande wake wa kulia, nikasema kwa sauti ya kawaida, «Papa Mathias, viatu vyako vinaungua.»

«Bien sûr,» akajibu, yaani bila shaka, akitabasamu.

Nikazunguka upande wa kushoto, nikayarudia kwa nguvu. Akatazama viatu. Kisha akanitazama mimi, na tabasamu likamwondoka usoni polepole. Akakaa juu ya tairi kuukuu.

«Ni ile homa ya mwaka ule,» alisema. «Walinipatia kwinini mingi. Masikio iliimba wiki muzima, kisha ya kuume ikanyamaza. Ya kushoto inabakia nusu.»

«Mama anajua?»

«Hapana! Akijua, atanikatalia volant, sitagusa tena usukani. Atapigia watoto telefone, watasema Papa amezeeka, tuuzishe gari. Donc, najibu oui, najibu bien sûr, siku inapita.» Akasugua magoti. «Kopo ikitoka, naisikia mu kifua. Najua saa ya kubadilisha vitesi, gia ya pili, gia ya tatu. Kopo ikiingia, niko mu kaburi, Papa Silansie. Unielewe.»

Nilimwelewa, na ndiyo ilikuwa shida yangu. Nikifungua, mke anaondoka. Nikifunga, mume anazikwa mzima. Nikimwambia mke, nimemvunja mwanaume mbele ya mtu pekee ambaye hakutaka kuvunjika mbele yake. Siku mbili nilichelewa kutoka nyumbani asubuhi, na mke wangu akaniuliza kama gereji wamenifukuza.

Kwanza nilitaka kujua kama anafaa kuendesha. Nilipanda naye barabara ya Bangboka, kopo limefungwa. Macho yake yalikuwa kila mahali: kioo, toleka, pikipiki, mbuzi, kioo tena. Wapo wengi mjini humu wenye masikio mazima ambao sikuwahi kuwaamini hivyo. Nikamwambia nitamfungia vioo vipana pande zote mbili, na hapo sitaki majadiliano. Akakubali kama mwanafunzi. Lakini gia alikuwa anaziua. Injini ilikuwa inalia katika gia ya pili, inaomba msamaha, na yeye anaendelea kutazama mbele kwa utulivu.

Katika kurudi nilikuwa nimeweka kiganja juu ya magoti yangu, nikaona hakitetemeki. Gari lile lilikuwa limetengenezwa vizuri. Na hapo ndipo nikapata jibu.

Bomba la moshi haliugusi mwili wa gari. Linaning'inia kwa mipira, na yetu tunaikata kwenye matairi ya zamani, ili mtetemo wa bomba usipande ndani. Mpira ukikatika, chuma kinagusa chuma, kiti kinatetemeka, na mteja anakuja analalamika. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kurudisha mipira. Siku ile niliingia kwenye shimo la gereji, chini ya gari, nikautoa mpira mzima, ule ulio chini ya kiti cha dereva, nikaweka kipande cha chuma, nikakilehemu kikashikana na sakafu. Kisha nyuma nikaongeza kopo la pili juu ya lile la kwanza. Mlidhani nimechanganyikiwa. Mmoja wenu aliniuliza kama goti limepanda kichwani.

Nilimkalisha Papa Mathias, nikamwambia afumbe macho na ashike mkono wa gia. Nje gari lilikuwa kimya. Kuku wa jirani waliendelea kula. Nikapandisha mafuta kidogo kwa mkono, huku boneti imefunguliwa. Nikayashusha. Nikayapandisha tena. Kila yalipopanda alinyanyua kidole, kila yaliposhuka alikishusha, bila kukosea.

«Inanisemesha,» alisema. Alicheka sana, halafu akajifunika uso kwa mikono yote miwili, nami nikaenda kutafuta kitu ambacho sikukihitaji kwenye sanduku la vyombo.

Wiki mbili zilipita kwa amani. Gari liliteremka mjini polepole, gia zinabadilika mahali pake, na watu walisema Papa Mathias ametulia. Nilianza kujipongeza. Mnanijua.

Halafu ikaja Jumatano, na Mama Furaha akaingia uani. Alizima injini, akashusha kioo.

«Papa Silansie, umesahau caoutchouc chini ya kiti ya chauffeur.»

Alimaanisha ule mpira niliouondoa. Nikaanza kudanganya. «Mama, hizi gari za sport njo ziko hivi, zinatetemekaka...»

Aliinua kiganja, jinsi anavyowanyamazisha wanafunzi wake, nami nikanyamaza mara moja, na mvi zangu zote.

«Miaka makumi mbili na nane niko mu masomo. Mutoto mwenye hasikie, namujuaka siku ya kwanza. Anaangaliaka midomo ya watu. Anajibuka oui kwa kila kitu. Njo vile bwana yangu iko.»

Niliegemea mlango wa gari. «Mama unajua tangu lini?»

«Tangu homa. Nilikuwa pale, pembeni ya kitanda. Nilimuita, akaangalia mulango.»

«Sasa kopo... kwa nini ulikuwa unarudisha?»

«Juu makelele inakulaka masikio.» Sauti yake ilishuka. «Ile kidogo yenye inabakia, miye naitaka. Nataka nikimuita kwa jina, anisikie bado. Hata miaka mbili. Hata mwaka moja.»

«Na watoto wa masomo, wenye hawasikie mwalimu?»

«Watoto wa masomo wanapendaka makelele,» alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. «Wanapiga mikono nikifika.»

«Na Bukavu?»

«Bukavu nitafanya nini bila yeye?»

Nilikuwa na umri wa kustaafu, nimeshika spana, na nilitaka kuketi chini nilie. Watu wawili wanaoishi nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenzake dhidi ya habari ambayo mwenzake anayo tayari. Nikamwomba amwambie. Akatikisa kichwa.

«Anajikaza sana, Papa Silansie. Nikimuambia najua, atajikaza mbele ya nani?» Akaupapasa usukani, kisha akahamia kiti cha abiria, akakaa pale na kuweka mikono juu ya mapaja. «Huku upande yangu, caoutchouc iko?»

«Iko, Mama.»

«Uitoe.»

Nilimwambia kwamba itamsumbua mgongo, kwamba hakuna mteja aliyewahi kuniomba kitu kama hicho, kwamba dereva anauhitaji mtetemo ule lakini abiria hauhitaji.

«Nataka kujua anasikia nini,» alisema.

Niliingia shimoni. Mpira ule niliukata vibaya, mara mbili kisu kiliteleza. Nikaweka chuma upande wake pia.

Jumamosi walikuja wote wawili, kwa sababu kioo kimoja kipana kilikuwa kimelegea. Nilikikaza. Papa Mathias akawasha gari, Mama akakaa pembeni yake, na mimi nikasimama nyuma, getini, kumwongoza arudi kinyumenyume. Nje hakukuwa na sauti ya maana. Kupitia kioo cha nyuma niliona vichwa vyao vinatetemeka kidogo, vyote viwili, kwa pamoja.

Ili atazame nyuma, Papa Mathias aliweka mkono wa kulia juu ya mgongo wa kiti cha mkewe, kama madereva wote wafanyavyo. Na mkono ule ukabaki pale. Breki ikashika. Akanitazama mimi, nikatazama ardhi, nikitafuta nati ambayo haikuanguka. Akautoa mkono, akaurudisha, akafungua vidole vyote juu ya kiti kile kinachotetemeka sawasawa na chake. Kisha akamgeukia Mama Furaha, ambaye alikuwa anatazama mbele na kumwambia kitu, upande ule wa sikio lililokufa, kwa sauti yake ya kawaida, bila kutegemea jibu.

Papa Mathias alizima injini.

«Umesema nini?» aliuliza. «Sikusikia.»

Kwa miezi yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mama Furaha aligeuka taratibu. Alimtazama, akamtazama tena, akayaona aliyoyaona. Halafu akamshika kidevu, akajivuta mbele yake juu ya usukani hadi sikio la kushoto, na akapaza sauti mpaka nyote uani mkainua vichwa:

«Nasema tupite ku soko, nyanya imeisha!»

«Ngapi?» akauliza Papa Mathias, huku machozi yanamshuka, na Mama akamwambia tena.